Twalha Asiyejua Kunong'ona

Sauti zipo nyingi duniani, lakini sauti ya Twalha wa Mkandaani ni moja, na anayebisha alete yake tupime. Toka mdomo wa Ruvuma mpaka Mucojo kule chini, wapo waadhini wenye spika za betri, wapo wenye spika za jua, wapo hata waliokwenda kusomea Unguja wakarudi na vyeti. Wote hao Twalha akisimama barazani, vidole masikioni, kifua wazi, wanazima spika zao wakisingizia betri. Mkandaani ni kijiji kidogo, hilo halikatazwi kusemwa: nyumba za udongo na makuti, minazi ya Kionga mgongoni, mikoko usoni. Ramani ya serikali imetusahau. Lakini kwa sauti tumewapita Palma nzima, na gesi yao juu.

Na sauti hiyo haikutoka chuoni, msidanganywe. Ilitoka bondeni kwenye mpunga. Twalha alifiwa na mama angali anatambaa, akalelewa na jirani, Bibi Umi, mwanamke mfupi mwenye shamba refu. Msimu wa mpunga kukomaa, kazi ya Twalha ilikuwa kuamia ndege. Asubuhi anapandishwa kwenye dungu, kile kitanda cha miti kilichosimama kwa miguu minne katikati ya shamba, anapewa muhogo wa kuchoma na kombeo, na anaambiwa apige kelele. Wa mashamba mengine walikuwa na makopo ya kugonga. Bibi Umi makopo hakuyataka.

"Kopo linapasuka," alisema. "Koo la mtoto linakua."

Akamfundisha ukelele wake mwenyewe: "Hooooyaaa-ha! Ondokaaa-ha!" Ile *ha* ya mwisho inakatwa ghafla, kama panga likigota kwenye nazi. Kila aliyekulia bonde lile anaujua. Hata awe mzee mwenye wajukuu, akiusikia mgongo unamsisimka na miguu inataka kuruka.

Shule Twalha alifika darasa la nne. Mwalimu, mtu wa Nampula mwenye viatu vya kung'aa, hakumtoa kwa ujinga. Alimtoa kwa sababu Twalha akisoma kwa sauti, darasa la pili nyuma ya ukuta linaitikia. Na alipofika umri wa kuoa, akamtaka Zulfa, alikwenda kwa adabu zake zote nyuma ya ua wa makuti akamnong'oneza maneno yake. Kesho yake mama yake Zulfa akakutana naye kisimani mbele ya watu.

"Nimesikia, mwanangu," akamwambia. "Na mume wangu kasikia. Na wale waliokuwa wanapara samaki pwani wananiuliza harusi lini."

Huyo ndiye Twalha. Mungu alimpa milango yote isipokuwa ule mdogo wa nyuma. Kunong'ona hajui. Akijaribu, inatoka sauti ile ile, ila yenye aibu.

Halafu vita vikaja.

Wanaovipigana hatuwataji. Tunasema "wale," na kila mtu anaelewa, hata mtoto. Vita vyenyewe watu wa mbali wanadhani ni milio ya bunduki kila siku. Wapi! Vita ni kutotulia. Ni kulala na ndala miguuni. Ni kufunga mzigo leo, kuufungua kesho kwa kuwa sufuria iko ndani, kuufunga tena kabla ugali haujashuka. Maharage hayapikwi kwa kuwa yanachelewa kuiva. Paa linavuja, mwenye nyumba analitazama anasema ataezeka wakitulia, na hawatulii. Mwari anatolewa ndani kwa makofi, bila ngoma, kwa sababu ngoma ikilia kijiji cha pili kinakimbia. Mbwa akibweka, mazungumzo yanakatika. Pikipiki ikipita kasi, akina mama wanahesabu watoto kwa macho. Simu nazo, siku unayozihitaji ndiyo siku mtandao umekufa.

Spika ya msikiti ilichukuliwa mwaka ule Palma ilipovamiwa. Ndipo Amido, sekretari wa kijiji, mwanamume ambaye hata akienda kuoga anabaki na kalamu sikioni, akaja na mpango. Alisema hivi: habari mbaya ikija, kila mtu akimbilie maficho yake, mikokoni, minazini, bondeni. Asirudi mtu kwa kusikia simu wala kwa kuchoka. Amido mwenyewe na mwenzake mmoja watazunguka kukagua. Wakiona kumetulia, watamfuata Twalha alipojificha, Twalha atakwenda barazani pa msikiti ataadhini. Adhana ya Twalha ikisikika, rudini nyumbani. Isiposikika, kaeni. Wakati wa swala ukiingia mkiwa mafichoni, kila mtu aswali alipo, kimya.

"Sauti yako haiigiziki," Amido akamwambia. "Wale wanaweza kuiba spika. Koo lako hawawezi."

Twalha alivimba kifua wiki nzima. Mpango ukafanya kazi mara ya kwanza, na ya pili, na zilizofuata. Watu walitoka kwenye matope kwa adhana yake kama vifaranga kwa mama yao, vyungu vichwani, wanacheka kwa ule mcheko wa mtu aliyeponea. Ukimwona Twalha siku hizo akitembea, ungesema ndiye gavana.

Lakini ndani yake kulikuwa na jambo halikai. Mwaka ule wa Palma, Zulfa alijifungua njiani wakikimbia, chini ya mkorosho, watu wamejilaza chini kila upande. Mtoto wa kike. Kila Mwislamu wa pwani hii anajua kinachofuata: baba anamchukua mtoto anamwadhinia sikio la kulia, neno la kwanza liwe hilo kabla ya maneno ya dunia. Twalha alimchukua. Akafungua mdomo. Akakumbuka sauti yake, akawatazama watu waliolala chini, akaufunga. Akasema moyoni, tutafika mbele, nitamwadhinia huko. Mtoto hakufika mbele. Imamu alimwambia baadaye kwamba adhana ile ni sunna, haimdai mtu, na mtoto mchanga ni wa peponi. Twalha akaitika ndiyo, shehe. Lakini akipita mkorosho wowote alikuwa anaharakisha.

Sasa Zulfa alikuwa mja mzito tena, mwezi wake umetimia, na Twalha ameshasema kwa watu wote (yaani alimnong'oneza mkewe) kwamba huyu wa sasa, iwe jua iwe mvua, adhana ataisikia kutoka kinywani mwa baba yake, papo hapo.

Uani kwao walikuwa wanakaa na wageni, Gaspar na mkewe Natália, Wamakonde wa bara waliokuwa wakilima karibu na Pundanhar mpaka vita vikawasukuma pwani. Serikali inawaita *deslocados*, yaani waliohamishwa na vita. Zulfa anawaita watu wa nyumbani. Gaspar ni mtu wa maneno machache, msalaba shingoni, panga mkononi. Ndiye aliyekuwa akizunguka na Amido kukagua. Natália ni mkunga, na maneno ambayo Gaspar hayatumii, anayatumia yeye.

"Bwana Twalha," alikuwa akimwambia, "mtoto huyu atazaliwa kiziwi. Miezi tisa anakusikia toka ndani, maskini."

"Atazaliwa mwadhini."

"Basi mimi narudi Pundanhar. Heri bunduki."

Siku yenyewe, uchungu ulimwanza Zulfa asubuhi. Adhuhuri imepita, Natália ameshaweka maji motoni na wembe mpya juu ya kigoda, mara pikipiki ya Jaime ikaingia kijijini ikipiga honi. Jaime ni kijana wa kubeba abiria baina ya Kionga na njia ya bara, na uso wake siku hiyo ulikuwa wa kijivu.

"Wameonekana njia ya Pundanhar! Na bunduki! Wanashuka huku!" Akageuza, akaenda kuwaambia wa mbele.

Kijiji kikamwagika. Amido na Gaspar wakaelekea bara kwenda kuchungulia. Waliokuwa na magoti mazuri wakaingia mikokoni, wengine bondeni. Luzia, muuza maandazi wetu, alikimbia na karai la mafuta ya moto, hakumwaga hata tone. Hilo tunajivunia hadi leo. Twalha akamshika Zulfa mkono huu, Natália mkono ule, beseni la vifaa vyake kichwani, wakamwingiza kwenye mikoko mpaka kwenye kichuguu cha mchanga ambacho maji hayakifikii mpaka yajae sana. Huko ndiko kulikuwa maficho yao.

Natália akamwambia Twalha ageuke. Akageuka. Akaambiwa akae. Akakaa, akasimama, akapiga mbu, akatoa matope kwenye ndala, akayarudisha. Nyuma yake Zulfa alikuwa ameuma pindo la kanga, hatoi sauti. Mwanamke yule anaweza kunyamaza kwa watu wawili, na ndoa hiyo ilihitaji mmoja wa namna hiyo. Maji yalikuwa yameanza kurudi, yanaingia kimyakimya kati ya mizizi, na kaa wanapanda juu.

Halafu kilio. Kidogo, cha hasira.

"Msichana," Natália akasema. "Mzima. Njoo umwone, geuka, wewe mwanamume, nani kakwambia uitazame bahari mpaka kiyama?"

Twalha akageuka. Akamwona Zulfa ameegemea mkoko, uso umelowa, anacheka bila sauti. Akapokea mtoto kwenye kitambaa. Akamtafuta sikio la kulia, sikio lenyewe kama koa mdogo.

"Ngoja turudi nyumbani," Zulfa akasema taratibu. "Amido bado hajaja."

"Wa kwanza nilingoja."

Zulfa akavuta kanga yake. Natália naye, aliyekuwa ameshafungua mdomo kutania, akaufunga.

"Basi ndani ya kanga," Zulfa akasema mwisho. "Mdomo juu ya sikio. Nusu ya pumzi, Twalha. Nakuomba."

"Robo," akasema Natália. "Koo hilo la kuitia meli. *Calma*, polepole, mwenzangu, robo."

Wakamfunika yeye na mtoto kwa kanga mbili na shuka, akawa kama mtu anayejifukiza homa. Na tumtendee haki: alianza vizuri. Takbira ya kwanza hata kaa hawakuisikia. Ya pili Natália aliisikia akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha mtoto akanyamaza. Alikuwa analia, akanyamaza ghafla, ukamwona kabisa kwamba anasikiliza. Twalha aliona hilo kule gizani mwa kanga, macho mawili yasiyojua kitu yamekaza, na kifua kikamfunguka chenyewe. Shahada ya kwanza ilitoka nje ya kanga. Ya pili ilitoka nje ya mikoko. Alisimama lini, hajui. Shuka ilimwanguka lini, hajui. Alipofika kwenye kuita watu kwenye swala alikuwa wima, mtoto kifuani, uso juu, na kwa mazoea ya miaka yote akageuka kulia akaita, akageuka kushoto akaita, ili pasiwe na upande utakaonyimwa.

Na wakati, kwa bahati ya Twalha, ulikuwa ndio wa alasiri yenyewe.

Natália alimpiga kanga mbichi ya uso alipokuwa anamalizia neno la mwisho. Akalimaliza. Ndipo akashusha macho, akawaona wanawake wawili wanamtazama, na mtoto amelala.

"Umefanya nini?" Zulfa akasema.

Jibu lilitoka mbali, upande wa minazi: kigelegele. Kisha upande wa bondeni mtu akaita jina la mwanawe. Kisha vyungu, maji ya kukanyagwa, vicheko. Mkandaani ilikuwa inatoka mafichoni. Mwadhini ameadhini, sauti haiigiziki, kumetulia. Walikuwa wanarudi nyumbani, wote, kutoka kila upande, na hakuna aliyekwenda kutazama kama nyumbani kuna nani.

Twalha alitupa macho huku na huku. Kuwakimbilia hawezi: matope ya mikoko humeza mguu mpaka goti, na watu wametawanyika kama mtama. Kilichoweza kufika kwao kwa pamoja kilikuwa kimoja tu, kile kile kilichowatoa. Akamrudishia Zulfa mtoto. Akavuta pumzi. Hata hakujua atasema neno gani, mdomo ukafunguka, na kilichotoka kilitoka kwenye dungu, kwenye mpunga, kwenye muhogo wa kuchoma:

"Hooooyaaa-ha! Ondokaaa-ha!"

Mara tatu. Mikoko ikatetemeka, na ndege halisi waliokuwa humo wakaruka wote wakaenda Tanzania.

Luzia anasimulia mpaka leo kwamba alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye nchi kavu, karai kichwani, na ukelele ule ukamkalisha kwenye matope kabla akili haijamwambia kwa nini. Vigelegele vilikatika. Vyungu vilinyamaza. Katika muda wa kumeza mate, Mkandaani haikuwepo tena.

Twalha alisikiliza kimya hicho.

"Wamerudi," akasema Natália. "Wote wamerudi."

"Hapana," akasema Zulfa. "Bibi Umi."

Bibi Umi magoti yake yalishakataa mikoko. Maficho yake yalikuwa minazini, nyuma kidogo tu ya msikiti, chini ya rundo la makumbi. Na Bibi Umi adhana haimkuti ameketi. Ana ukumbi wake nyuma ya msikiti anaposwalia. Kizee cha umri ule hakuna imamu wa kukikataza. Kutoka kwenye makumbi mpaka ukumbini ni hatua za kikongwe, lakini ni chache.

Zulfa akamtazama mumewe. Maji yalikuwa yamefika kwenye mzizi aliouegemea.

"Nenda," akasema. "Ukimwona usimwite. Mshike mkono."

Akaenda. Kijiji kilichoachwa wazi si kitu cha kutembea ndani yake. Sufuria ya wali ilikuwa inaungua jikoni kwa mtu, moshi unanuka barabara nzima. Ndala moja mlangoni. Nyumba moja ilikuwa na redio iliyoachwa inaongea, Mreno anatangaza mpira kwa furaha, goli, goli, na hakuna wa kumsikiliza isipokuwa mbuzi aliyejilaza kizingitini. Twalha aliambaa na kuta. Kila kona aliyoifikia alisimama, akasikia moyo wake, akaudhani buti.

Bibi Umi alikuwa ukumbini, ameketi kwenye kigoda, anamalizia udhu kwa kopo. Mguu wa kushoto.

"Umechelewa," akasema bila kuinua kichwa. "Imamu yuko wapi?"

"Bibi, twende. Nimekosea."

"Wakati umeingia au haujaingia?"

"Umeingia, lakini..."

"Basi umekosea nini?"

"Amido hajakagua! Nilimwadhinia mtoto, bibi. Zulfa kajifungua. Sauti ikanitoka."

Hapo akainua kichwa. Uso mzima ulikunjuka. "Kajifungua! Nini?"

"Msichana. Bibi, inuka, wale wanaweza kuwa..."

"Mashallah. Na ulimwadhinia?"

"Nilimwadhinia."

"Alisikia?"

"Bibi, Kionga yote imesikia!"

"Vizuri." Akajishika kwenye nguzo, akasimama. Hakuelekea minazini. Alielekea kwenye mkeka. "Simama mbele."

Twalha alitaka kulia. "Hukunisikia nilivyoita mara ya pili?"

"Ukelele wangu mwenyewe nisiusikie? Nilisikia." Akatengeneza mtandio wake. "Mimi ndege?"

Angeweza kumbeba. Wenye akili nyingi kijijini wanasema angembeba tu. Wao hawajawahi kumbeba Bibi Umi. Na isitoshe alikuwa ameita watu kwenye swala, na mtu mmoja katika kijiji kizima alikuwa amekuja. Akasimama mbele. Alasiri, kwa rehema ya Mungu, husomwa kimya. Ndiyo swala ambayo hata Twalha hakuweza kuiharibu.

Alikuwa kwenye rakaa ya nne aliposikia injini. Mbali kwanza, upande wa bara. Akarukuu. Karibu zaidi. Alisujudu, akaisikia ardhi yenyewe inanguruma kwenye paji la uso. Nyuma yake Bibi Umi alikuwa anavuta pumzi polepole kama aliyekuwa na mchana wote. Injini ikaingia kijijini, ikapita kisimani, ikaja, ikazimika nyuma ya ukuta wa msikiti. Hatua kwenye mchanga. Shingo ya Twalha ilikuwa inamwomba ageuke, nayo shingo hiyo haikuwahi kumwomba kitu kwa nguvu hivyo. Akasoma tahiyatu. Akatoa salamu ya kulia: ukuta. Akatoa salamu ya kushoto: Jaime, kofia ya pikipiki mkononi, jasho linamtiririka.

"Siyo wao," Jaime akasema.

Kwa nyuma yake Amido na Gaspar wakatokea wakihema, wamekuja kwa miguu wakikimbia tangu waliposikia adhana ambayo hawakuiagiza.

"Siyo wao," Jaime akarudia. "Ni watu wa bara wanahama. Wanakuja na magodoro yao. Walio na bunduki ni wanamgambo wa huko, wanawasindikiza. Mimi niliona bunduki. Magodoro sikuyaona."

Gaspar aliuliza neno moja: "Natália?"

"Mzima," akasema Twalha. "Mtoto mzima. Maji yanapanda, kaka, twende tukawatoe."

Lakini Amido alikuwa amemkamata Twalha mkono, na kalamu sikioni inatetemeka.

"Na kama wangekuwa wao?" akasema. "Twalha. Nijibu. Watoto wote wale. Kama wangekuwa wao?"

Hiyo ndiyo mara ya kwanza Mkandaani kumsikia Twalha akikosa sauti, na hakuna aliyecheka.

"Panda barazani," Amido akasema. "Adhini, watoke kabla maji hayajawafika."

"Tumeshaswali," akasema Bibi Umi kutoka ukumbini.

"Siyo ya swala, bibi. Ya kuita watu."

"Adhana ya kuita watu ni ya kuwaita kwenye nini, Amido?"

Amido akamwomba radhi, akamsukuma Twalha barazani. Twalha akaweka vidole masikioni. Akaita, sauti yote, mwanzo mpaka mwisho. Wakasubiri.

Hakuna aliyekuja. Hata kuku.

Nani angekuja? Walishasikia adhana, wakafukuzwa kama ndege. Sasa adhana tena. Mikokoni watu walikuwa wanaangaliana. Wapo waliosema Twalha ameshikwa, anaadhini na bunduki kisogoni. Wapo waliosema siyo yeye. Wakazidi kuzama kwenye mizizi, maji yanapanda viunoni, watoto mabegani, na sauti ile iliyowatoa mara zote sasa ndiyo iliyowabakisha.

Ikabidi watolewe mmoja mmoja. Amido, Gaspar na Jaime waliingia majini wakiita watu kwa majina, kichaka kwa kichaka, mpaka jua linazama. Twalha hakuita mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kichuguu chake, maji yamemfika kifuani, akamkuta Natália amesimama ndani ya maji, amemkalisha Zulfa juu ya tawi kama nguo iliyoanikwa, mtoto kwenye beseni.

"Umempata?" akauliza Zulfa.

Akaitikia kwa kichwa. Wakambeba.

Kesho yake kikao kilikaa nje kwa Amido. Watu walisema walichosema. Koo za Mkandaani zote si ndogo. Jamaa mmoja alimwita Twalha mwamia ndege, na jina hilo linamfuata. Twalha alikaa chini akikuna mchanga kwa kijiti. Bibi Umi akayakata maneno. Alisema adhana irudi kazini kwake, isitumwe tena. Anayetaka kengele atafute kengele. Ndipo Natália akasema kwao bara, mtu akitwanga kinu kitupu, kila mtu anajua si chakula. Mlio wake ni mkavu. Watwange watatu kwa zamu, huku Amido amesimama. Adui hajui kutwanga kwa zamu.

Wakakubaliana hivyo. Na kinu kikachaguliwa: cha Zulfa.

Twalha aliendelea kuadhini, swala tano, kijiji kikiwapo. Waliokuja walikuja kuswali tu. Siku za mwanzo akishuka barazani alikuwa anatembea kama mtu aliyevuliwa koti, mabega mepesi, hajui aweke wapi mikono.

Mwezi haukuisha, habari nyingine ikaja, safari hii kutoka upande wa Kionga wenyewe. Vifurushi, karai, mikoko. Wakakaa kwenye kichuguu kile kile, Zulfa, Natália, Twalha, mtoto mapajani mwa baba. Mikoko yote imejaa watu wasiopumua. Mtoto akaanza kulia.

Msichana yule, lazima isemwe, hakuwa analala mpaka asikie kelele. Kimya kilimtia hofu. Zulfa akampa ziwa, akalikataa. Kilio kikapanda. Kichaka cha jirani mtu akasema "sss." Natália akamtazama Twalha kwa jicho la kumwambia usithubutu.

Twalha akamfunika mtoto kwa kanga, akaingiza kichwa humo, akaweka mdomo kwenye sikio la kulia. Wanawake wakakaza misuli. Hakikutoka kitu. Midomo ilikuwa inakwenda, ukiona shavu lake unaona inakwenda, na pumzi inapita tu, ya moto, bila sauti. Kilio kikashuka. Kikawa kikwikwi. Kikaisha.

Zulfa akasogea. "Unamwambia nini?"

Hakujibu, kwa kuwa alikuwa bado anasema. Maji yalikuwa yameanza kurudi kwenye mizizi, na wote, yeye pamoja nao, walikuwa wametega masikio upande wa kijiji, wakingojea kinu.